Mbili, tatu, tano, damu: mwaka wangu kwenye kliniki ya meno

Nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza huko chini, na haina uhusiano na mikono ya mtu yeyote aliyenigusa mdomoni.

Mimi ni mhasibu. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niipende kliniki hii kuliko ile niliyoizoea kwa miaka tisa. Kule kwa zamani, sitakutaja kwa jina, nilikuwa nalala kwenye kiti, daktari anachungulia, anasema "uko vizuri, punguza tu vitu vitamu", nakwanguliwa ugaga dakika kumi, naondoka. Hakuna aliyenipima kitu. Nikilalamika kwamba fizi zinatoa damu nikipiga mswaki, jibu lilikuwa lile lile: nunua mswaki laini. Nikanunua. Damu ikaendelea, nami nikazoea kutema mate mekundu kila asubuhi, kama mtu anavyozoea mlango unaolia bawaba.

Hapa, siku ya kwanza, daktari sikumwona kwa karibu nusu saa. Nilikaa na msaidizi wake, dada mmoja mpole wa sauti ya chini, ameshika fomu ya historia ya afya. Fomu hizi sote tunazijua: unatia alama "hapana, hapana, hapana" mpaka chini, unaweka sahihi. Yeye kalamu hakunipa. Aliniuliza mwenyewe, swali moja moja, na kila jibu akalisubiri.

"Dawa gani unakunywa kila siku?"

Hakuna, nikamjibu.

"Hata ya presha?"

Aa, ya presha ninayo. Mwaka wa nne sasa, mpaka nimesahau kwamba ni dawa. Akataka jina lake, sikulikumbuka, akaniambia nipige simu nyumbani wanisomee kwenye paketi. Amlodipini. Akaandika, kisha akaomba ruhusa, akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole chenye glavu, akatazama fizi za mbele, akaongeza mstari mwingine kwenye fomu. Hakusema chochote.

Daktari alipokuja akaanzia pale pale kwenye ule mstari. Amlodipini na ndugu yake nifedipini, kwa baadhi ya watu, hufanya fizi zinenepe na kupanda juu ya jino, na mdomo ukiwa na uchafu mwingi ndipo zinapopanda vizuri zaidi. Fizi ikipanda hivyo mswaki haufiki chini yake, uchafu unaongezeka, fizi inazidi kuvimba. Nilikuwa nazunguka kwenye duara hilo bila kujua. Msaidizi alinionya mara mbili kabla sijatoka: "Usije ukaacha hata kidonge kimoja. Hilo ni la kuzungumza na anayekutibu presha." Nilizungumza naye. Dawa ilibaki ile ile, tukashughulika na uchafu.

Msaidizi aliniuliza pia kama navuta sigara. Sivuti. Nikamtania kwamba basi hiyo damu yangu ni ya nini. Akasema afadhali yangu inatoka, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na fizi ambazo hazitoi damu, za kupendeza kwa macho, na chini mfupa unaliwa. Nimefikisha salamu hizo kwa mwenzangu wa ofisini anayejisifu kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kutema damu.

Sasa nifike kwenye kilichonipendeza kuliko vyote. Vipimo.

Kliniki ina mtaalamu wa usafi wa kinywa, ambaye si daktari. Kazi yake ni fizi, ugaga, na kukufundisha. Anachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakishusha taratibu kati ya jino na fizi, anataja namba, na msaidizi aliyekaa kwenye kompyuta anaiandika. Kila jino hupimwa sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi. Mimi nina meno 28, magego ya mwisho yaling'olewa zamani. Kwa hiyo ni namba 168. Nimelala, taa usoni, nasikia: "Mbili, mbili, tatu. Tatu, mbili, tano, damu. Nne, damu, tatu, sita, damu." Na kule nyuma, vidole kwenye kibodi, tik, tik, tik.

Walikuwa wamenieleza kabla ya kuanza. Moja hadi tatu ni fizi iliyoshika vizuri. Kuanzia nne, fizi imeanza kuachia jino na kufanya mfuko, na ndani ya mfuko huo mswaki haufiki. Sita na kuendelea ni mfuko wa kina. Kwa hiyo nilikuwa nasikia hesabu zangu mwenyewe zikisomwa mbele yangu, na kila "tano" ilinigonga kama risiti isiyokuwa na maelezo. Wakati mmoja msaidizi alimsimamisha mwenzake: "Hapo umesema tatu au nne?" Wakapima upya. Ilikuwa nne. Nilimpenda mtu huyo kuanzia hapo.

Jumla ya siku ile: sehemu 39 zenye milimita nne au zaidi, nne kati ya hizo zikiwa sita. Sehemu zilizotoa damu 71. Walinipa chapa ya karatasi bila hata kuiomba.

Kule kwa zamani waliniambia niko vizuri kwa miaka tisa kwa sababu hakuna kilichoniuma. Ugonjwa wa fizi kwa kawaida hauumi. Unaanza na ule ukoga laini unaojisikia ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi, ambao kwa sehemu kubwa ni bakteria. Ukiachwa unashika madini ya mate na kuwa ugaga, mgumu kama saruji, na mswaki hauuwezi tena. Fizi zinavimba. Ukisafisha katika hatua hiyo, zinarudi kama zilivyokuwa. Ukiacha, kwa baadhi yetu ugonjwa unashuka na kuanza kula mfupa ulioshika jino, na mfupa ukishaliwa, kusafisha hakuurudishi. Kunazuia tu usiendelee kuliwa. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba magego yangu ya juu kushoto yameshapoteza kiasi. Si kikubwa, lakini hakirudi. Miaka tisa ya "uko vizuri" ipo kwenye picha hiyo.

Matibabu yenyewe nitayapitisha haraka, maana hayana hadithi. Mara mbili, nusu ya mdomo kila mara, ganzi kwenye sehemu zenye mifuko mirefu, mashine inayotetema na kurusha maji, halafu vifaa vya mkono kwa kazi ya ndani. Msaidizi anashika mrija wa kunyonya maji, na tofauti ya mrija ulioshikwa na mtu anayeangalia na mrija ulioning'inizwa tu mdomoni utaijua ukishaonja yote mawili. Sikukabwa hata mara moja. Nilipokunja vidole vya miguu aliona kabla yangu, akasema, "Tumpe dakika."

Somo la mswaki ndilo lililonitia aibu. Nina miaka 51. Nilijua kupiga mswaki. Mtaalamu akanipa kidonge cha rangi, nikatafuna, nikatema, akanipa kioo. Meno ya mbele upande wa nje: meupe, yanang'aa. Upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele: zambarau tupu. Kati ya magego: zambarau. Kando ya ufizi, mstari mzima: zambarau. Na hapo nilikuwa nimepiga mswaki dakika ishirini tu kabla, kwa bidii, kwa ajili yao. "Unasugua sana mahali pasipo na uchafu," akasema, bila kucheka. Msaidizi alicheka kidogo, nilimsikia.

Akanionyesha mswaki ushikwe mwepesi, umeelekezwa kwenye mpaka wa jino na fizi, mizunguko midogo, dakika mbili asubuhi na dakika mbili usiku. Dawa ya meno iwe na floraidi. Ukimaliza tema, usisukutue, ile floraidi ibaki kazini. Hili la kutosukutua lilinichukua mwezi kulizoea, na bado nikiwa na usingizi nasukutua.

Kisha vijiswaki vya katikati ya meno. Hivi vina saizi na kila saizi na rangi yake, na hakuna wa kukuambia yako ni ipi mpaka mtu akujaribishie. Alinijaribishia tatu. Kikipita bila kugusa kitu ni kidogo mno. Ukilazimika kukisukuma ni kikubwa mno. Mdomo wangu mmoja unataka saizi mbili tofauti, ya mbele na ya nyuma. Alinichorea kwenye karatasi, na karatasi hiyo ipo kwenye kioo cha bafuni mpaka leo, imelowa pembeni. Alinitahadharisha pia kwamba siku za mwanzo damu itaongezeka na mimi nitataka kuacha, nisiache. Iliongezeka. Nikataka kuacha. Siku ya tisa ikapungua, wiki ya tatu nikatema mate meupe kwa mara ya kwanza sijui tangu lini.

Nilipomwambia hayo alinitajia jaribio la mwaka 1965 la Harald Löe na wenzake huko Denmark: watu 12 wenye fizi nzima waliambiwa waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakarudia kusafisha, zikapona. Mhasibu huhitaji kumshawishi zaidi ya hapo: 12 kwa 12, kwenda na kurudi.

Baada ya miezi mitatu tukapima upya. Zile 39 zimekuwa 12. Hakuna sita hata moja. Damu kutoka 71 hadi 22. Msaidizi alinisomea jumla mwenyewe kabla sijainuka kitini, na sauti yake ya chini ilikuwa imepanda kidogo.

Usafi wa vifaa sitaumaliza kwa kueleza. Chumba cha kuoshea kina dirisha la kioo kuelekea kwenye korido, unaona kila kitu: vinaoshwa, vinakaguliwa chini ya lenzi, vinafungwa kwenye mifuko, vinaingia kwenye mashine ya mvuke. Mfuko hufunguliwa mbele yako, na alama ya kwenye mfuko iwe imebadilika rangi. Siku moja haikuwa imebadilika vizuri. Msaidizi aliurudisha, akaleta mwingine, tukachelewa dakika tano. Ningependa watu wengi zaidi wanicheleweshe kwa sababu kama hiyo.

Sasa Mama.

Mama ana meno ya bandia ya chini. Nilimpeleka kwa sababu yalikuwa yanacheza. Tulikwenda kwa ajili ya kubana meno tu, dakika kumi na tano. Msaidizi yule yule alimsaidia kukaa, akampa kibakuli cha kuwekea meno, na alipoyatoa akamtazama jinsi anavyomeza.

"Mama, huku kushoto kuna kitu?"

"Kijidonda tu, mwanangu. Ni haya meno."

"Kina muda gani?"

Mama akafikiri. Kama miezi miwili, akasema. Au mitatu. Kinauma? Hakiumi, alikuwa na habari gani nacho. Kisha msaidizi akauliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia jina la dawa yangu, kama Mama amewahi kutumia tumbaku ya aina yoyote. Mama akanitazama mimi kwanza. Akasema aliwahi kutafuna, miaka mingi, kabla sijazaliwa na baada. Mimi mwanawe nilikuwa sijui. Na nina hakika kama angeulizwa kwa sauti ya kukaripia, nisingejua mpaka leo.

Daktari alipoingia, jambo la kwanza aliloambiwa halikuwa meno yanayocheza. Alimshika Mama ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta pembeni taratibu, akatazama ubavu wake hadi nyuma, akapapasa chini ya ulimi kwa vidole viwili, akapapasa shingo pande zote. Kidonda kilikuwa pembeni ya ulimi, pale ukingo wa meno unapogusa, kimezungukwa na weupe usiofutika. Akaukwangua ukingo wa meno ya bandia, akamwambia Mama asiyavae isipokuwa kwa kula, arudi baada ya wiki mbili. Kama ni meno yaliyokikwaruza, kitakuwa kimepona. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki mbili baada ya kuondoa sababu yake, alisema, hakisubiriwi.

Wiki mbili zikapita na Mama hakurudi. Alijisikia vizuri, meno yalikuwa hayachezi, na mimi nilikuwa kwenye mwisho wa mwaka wa hesabu, sikumkumbusha. Aliyekumbuka ni dada wa mapokezi. Ana daftari, daftari la karatasi kabisa lenye jalada la kijani, la watu wa kufuatiliwa. Alimpigia Mama Jumatatu. Mama akasema atakuja. Akapiga Jumatano. Mama akasema ana mgeni. Ijumaa akanipigia mimi, na hakunibembeleza: "Kaka, nimeandika hapa kwamba nisifunge jina la Mama mpaka aonekane. Unamleta saa ngapi?"

Nilimpeleka siku ile ile. Kilikuwa hakijapona. Wakampa rufaa, akakatwa kipande kidogo, kikaenda maabara. Majibu: seli zimeanza kubadilika, bado si saratani. Sehemu yote ikaondolewa, na sasa anaangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Mama husimulia kisa hiki kama kisa cha meno yaliyokuwa yanacheza. Mimi nakisimulia kama kisa cha daftari la kijani.

Nilikwenda kusoma kazi hizi zilianza vipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, daktari wa meno mmoja wa Bridgeport, Marekani, Alfred Fones, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa kwa lengo la kuzuia ugonjwa badala ya kuungoja. Mwaka 1913 akafungua shule ya kazi hiyo, na 1917 Newman akapata leseni ya kwanza ya mtaalamu wa usafi wa kinywa. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado risiti ya kliniki ninayoisifu hapa ina jina la daktari peke yake.

Hilo ni lalamiko la kwanza. La pili ndilo lililokula nyota: mtaalamu wa usafi ni mmoja kwa kliniki nzima, unangoja nafasi yake wiki saba, na mwaka huu muda wa kila mgonjwa umepunguzwa kutoka dakika 45 hadi 30. Katika dakika 30 unaweza kukwangua. Kidonge cha rangi na kioo havitoshi ndani yake, na karatasi ya kuchora haitoshi. Uongozi ukisoma hapa: mnakata mkono unaowalisha.

La tatu ni dogo. Msaidizi alipokuwa likizo, aliyeshika zamu yake aliandika vizuri lakini hakuwa akirudia namba, na mimi siku hiyo nilitoka bila kujua hali yangu mpaka nilipoomba karatasi. Ombeni karatasi. Mtapewa, lakini ombeni. Na vijiswaki vya saizi yangu ya nyuma huwaishia mara kwa mara. Nunua vya miezi mitatu kwa mkupuo.

Kwa nani nawapendekeza? Mtu anayetaka jino ling'olewe leo leo na aende zake atachoshwa na maswali. Mwenye presha, mwenye kisukari, mvutaji, mwenye mzazi wa meno ya bandia, aende. Kuhusu kisukari waliniambia kwamba fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushika, na sukari isiyoshikika huharibu fizi, kwa hiyo msaidizi akiuliza kipimo chako cha mwisho cha sukari, usimwone mdadisi. Omba miadi ya asubuhi, na nenda na paketi za dawa zako zote mkononi.

Nimepimwa mara ya mwisho wiki iliyopita. Sehemu saba. Gego la juu kushoto, upande wa ulimi, bado linasoma tano na bado linatoa damu. Mtaalamu alinyamaza kidogo alipoitaja, msaidizi akairudia, "Tano, damu," akaiandika, kisha akageuza kiti na kuniuliza kile kijiswaki cha nyuma nakiingizia upande gani.

Upande wa shavu, nikasema.

"Leo jioni kiingizie upande wa ulimi."